Amana, Imani na Dhamana: Uchambuzi wa Maana na Visawe vya Kuaminiana

Kiswahili hakina neno moja linaloenea maana zote za kumwamini mtu au kitu. Kina imani, amana, dhamana, wakfu, tumaini, tegemeo na yakini, na mara nyingi kamusi huyaeleza maneno hayo kwa kuyarejesha moja kwa jingine, kana kwamba mzungumzaji anaweza kuliondoa hili akaliweka lile bila ya maana kubadilika. Wanaisimu huyaita maneno ya namna hii visawe, yaani maneno yenye maana moja au zinazokaribiana. Lakini ukiyafuatilia msikitini na kanisani, sokoni, mahakamani, benki na bungeni, utaona kwamba visawe kamili ni adimu, na kwamba kila neno katika kundi hili hujibu swali lake. Imani hueleza kilichomo moyoni mwa anayeamini, amana hueleza kilichowekwa mikononi mwa anayeaminiwa, na dhamana hueleza nani atawajibika iwapo mambo yatakwenda kombo. Uchambuzi huu unayapitia maneno hayo kwa zamu, kisha unaonyesha kwamba kuyachanganya kuna madhara yanayovuka mipaka ya lugha, hasa pale ambapo raia hutakiwa kuwa na imani na viongozi wakati ambapo raia hao ndio wenye haki ya kudai amana yao.

Mzizi mmoja, matawi mengi

Sehemu kubwa ya msamiati huu imeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maneno yake makuu yanatokana na mzizi mmoja wenye konsonanti tatu ambao maana yake ya msingi ni usalama na kutokuwa na hofu. Kutokana na mzizi huo Kiswahili kimepata imani, amini, amana, muumini na amani, pamoja na amina, neno linalofunga dua za Waislamu na sala za Wakristo. Undugu huu wa maneno una maana kubwa, kwa sababu unaonyesha kwamba anayeamini na aliye na amani wako katika hali moja: wote wawili wamepumzika na hofu ya kudhuriwa.

Baada ya kuyapokea maneno hayo, Kiswahili kiliyatia katika sarufi yake ya Kibantu na kuyazalisha upya kwa njia ya mnyambuliko, yaani kuongeza viambishi kwenye mzizi wa kitenzi ili kupata maana mpya. Kutokana na kuamini kumepatikana kuaminika, ambako ni kustahili kuaminiwa. Kuaminiana ni kuaminiwa kwa pande zote mbili. Na kuaminisha ni kumfanya mwingine aamini, iwe kwa ushahidi au kwa maneno matupu. Pia kumepatikana majina mawili ambayo hayapaswi kuchanganywa. Mwamini ni yule anayeamini, na sifa yake imo katika kile anachokifanya moyoni mwake; mwaminifu ni yule anayefaa kuaminiwa, na sifa yake hupimwa na watu wengine kwa kuangalia mwenendo wake. Mtu anaweza kuwa mwamini thabiti wa dini yake asiwe mwaminifu katika fedha za watu, na lugha imetenga maneno mawili kwa ajili ya tofauti hiyo.

Neno imani lenyewe lina angalau maana tatu. Ya kwanza ni ya kidini, nayo ni kukubali kwa moyo mambo yasiyoonekana kwa macho, kama inavyotumika katika nguzo za imani za Waislamu na katika Kanuni ya Imani ya Wakristo. Ya pili ni ya kijamii na kisiasa, ambapo mtu husemwa kuwa na imani na daktari, na mwamuzi wa mpira, au na serikali. Ya tatu ni ya huruma, na ndiyo ambayo wageni wa lugha huikosa mara nyingi: asemwapo mtu kuwa hana imani kwa sababu amempiga mtoto au amemfukuza mjane, hakuna anayezungumzia dini yake, kwani kinacholaumiwa ni ukatili wake. Maana hii ya tatu inafungamanisha kuamini na kuhurumia, na inadokeza kwamba moyo usioweza kumhurumia mwenzake ni vigumu pia kuaminiwa naye.

Karibu na kuamini kuna kusadiki, ambako hutumika zaidi kwa habari, kauli na mafundisho kuliko kwa tabia ya mtu. Aliyesadiki habari ameikubali kuwa ni ya kweli, lakini huenda bado asingemkabidhi aliyemletea habari hiyo ufunguo wa nyumba yake. Wakatoliki hukiri imani yao kwa neno nasadiki, na Shaaban Robert alitumia kitenzi hichohicho kuiita nchi yake ya kubuni Kusadikika katika kitabu kilichotoka mwaka 1951, ambamo nchi iliyo angani, isiyoweza kusadikika, inabebeshwa jina linalotaka isadikike. Yakini inapita hatua moja mbele ya kusadiki, kwa kuwa ni ujuzi usio na shaka, na aliyefikia yakini hahitaji tena kuamini kwa maana kamili ya neno, kwa sababu kuamini siku zote hubakiza nafasi ya kukosea.

Tumaini na tegemeo

Tumaini huelekea mbele. Mwenye tumaini anangoja jema ambalo bado halijafika, na anaweza kulingoja hata kama hana sababu ya kutosha ya kuamini kwamba litafika. Ndiyo sababu Biblia ya Kiswahili, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 13, inalitaja tumaini kando ya imani kama jambo lake lenyewe. Kutarajia ni neno lenye baridi zaidi, kwa maana linaweza kuhusu jema na baya pia, na mkulima anaweza kutarajia ukame bila ya kuutumainia.

Kutegemea kuna asili ya Kibantu na kunabeba wazo la kuegemea kitu ili usianguke. Tofauti yake na kuamini ni kubwa, kwa kuwa kuamini kuna hiari ndani yake, ilhali kutegemea mara nyingi hakuna. Mgonjwa wa kijijini hutegemea zahanati moja iliyopo, na abiria hutegemea dereva wa basi lililokuja, wala hakuna kati yao aliyepewa nafasi ya kuchagua. Takwimu za watu wanaotumia huduma fulani kwa hiyo haziwezi kuwa ushahidi wa imani yao kwa huduma hiyo, na viongozi wa taasisi hujidanganya wanapohesabu msongamano wa watu mlangoni kuwa ni dalili ya kuaminiwa.

Amana: kitu cha mwingine mkononi mwako

Amana ni neno lenye uzito wa pekee, kwa sababu linahamisha jambo zima kutoka moyoni na kuliweka mkononi. Maana yake ya kwanza ni kitu kilichowekwa kwa mtu akihifadhi hadi mwenyewe atakapokitaka, na kutokana na maana hiyo benki huziita fedha za wateja wake amana, na Tanzania ina Bodi ya Bima ya Amana ambayo kazi yake ni kuwalinda wenye fedha hizo iwapo benki itafilisika. Maana ya pili inapanuka hadi kwenye siri, ujumbe, wasia, mtoto aliyeachwa kwa jirani, na cheo. Katika mafundisho ya Kiislamu amana ni wajibu ulioamrishwa, na Sura ya Nisaa, aya ya 58, inaagiza amana zirudishwe kwa wenyewe; Mtume Muhammad mwenyewe alijulikana Makka kwa lakabu ya Al-Amin, mwaminifu, na wenyeji wa mji walikuwa wakimwekesha mali zao.

Sifa kuu ya amana ni kwamba ina mwenyewe. Anayeishika haimiliki, hata kama ameishika kwa miaka mingi, na thamani ya kazi yake hupimwa siku anapotakiwa kuirudisha. Kinyume cha amana ni hiana, yaani kuvunja uaminifu kwa siri, na mtenda hiana huitwa haini. Kutokana na neno hilo sheria za Tanzania na Kenya zimepata uhaini, kosa la kuisaliti nchi. Hivyo katika Kiswahili aliyekula fedha za yatima na aliyeipindua nchi wanahukumiwa kwa maneno ya ukoo mmoja.

Katika biashara, amana ilipata sura ya pekee inayoitwa mali kauli. Hii ni bidhaa anayopewa mchuuzi na mfanyabiashara mkubwa bila ya kulipa, kwa ahadi ya mdomo kwamba atauza kwanza kisha alete fedha, na utaratibu huo ungali hai Kariakoo na katika masoko mengine ya pwani na bara. Katika karne ya 19 mitaji ya misafara ya Zanzibar iliendeshwa kwa mikopo ya masafa marefu, na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alifadhiliwa na tajiri wa Kihindi Taria Topan akaenda bara kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi na pembe za ndovu. Haifai kuusifu uaminifu huo bila ya kutaja kwamba misafara hiyo iliwabeba pia watu waliotiwa utumwani, na kwamba watu wawili wanaweza kutimiziana ahadi kikamilifu huku wakimdhulumu wa tatu. Kuaminiana ni nguvu, na wema wake hutegemea kinachofanywa kwa nguvu hiyo. Kwa mkopaji wa kawaida, hekima ya watu imeonya kwa methali kwamba kukopa harusi, kulipa matanga.

Aina ya amana iliyo na mfumo kamili zaidi ni wakfu. Mwenye mali huiondoa katika umiliki wake daima, akaielekeza kwa lengo la kheri, na msimamizi huitunza kwa manufaa ya waliokusudiwa, wala haiuzwi wala hairithiwi. Misikiti, visima, nyumba na mashamba ya Lamu, Mombasa na Zanzibar yamewekwa wakfu kwa karne nyingi, na hadi leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mwaka 1894 Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni ya Uingereza, iliamua katika shauri lililotoka Bengal kwamba wakfu unaonufaisha kwanza kizazi cha mtoaji si halali, na msimamo huo ukafuatwa na mahakama za Afrika Mashariki ingawa wanazuoni wa Kiislamu waliukubali wakfu wa aina hiyo tangu zamani. Ilibidi Kenya itunge sheria mwaka 1951 kuurekebisha. Majaji walikuwa wameupima wakfu kwa kipimo cha sheria yao ya hisani, wakadhani kwamba taasisi mbili zinazofanana kwa nje zina maana moja kwa ndani.

Dhamana na watoto wake

Hakuna neno katika kundi hili lililozaa matumizi mengi kama dhamana. Mahakamani mtuhumiwa huachiwa kwa dhamana. Benki hudai dhamana ya mkopo. Benki Kuu huuza dhamana za Serikali. Kampuni huwa mdhamini wa ligi ya soka. Waziri huitwa mwenye dhamana ya afya au elimu. Chama cha siasa nchini Tanzania hulazimika kisheria kuwa na bodi ya wadhamini inayosimamia mali zake. Na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ndio unaosajili bodi za namna hiyo za taasisi za dini, vilabu na asasi nyingine. Kinachoyaunganisha matumizi haya ni kuwapo kwa mtu au kitu cha tatu kinachosimama kati ya anayeahidi na anayeahidiwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mahakama. Mtuhumiwa anayeombewa dhamana hutakiwa kuleta wadhamini, mara nyingi wawili, na kila mmoja huja na barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayothibitisha makazi yake pamoja na kitambulisho, kisha husaini bondi ya kiasi cha fedha kilichotajwa na hakimu. Hakimu haulizi kama anamwamini mtuhumiwa. Anachouliza ni kama yupo mtu anayemjua kiasi cha kukubali kulipa iwapo atatoroka, na mtuhumiwa akiruka dhamana, mdhamini ndiye anayeitwa kujieleza. Dhamana hapa huazima uaminifu wa mtu mmoja na kuutumia kuziba pengo la mwingine, na benki inaposhika hati ya nyumba hufanya jambo hilohilo kwa kuiweka nyumba mahali pa mdhamini.

Kwa hiyo dhamana na imani zinakwenda kwa mwelekeo tofauti. Pale imani ilipo kubwa, dhamana hupungua, kama inavyoonekana katika mali kauli, ambayo haina hati wala rehani. Pale imani isipokuwapo, dhamana huongezeka hadi maskini asiye na nyumba wala ndugu mwenye kitambulisho akajikuta nje ya mkopo na ndani ya mahabusu. Vikundi vya kuweka na kukopa, maarufu kama VICOBA, vimeupatia mkanganyiko huo jibu la busara. Katika vikundi vingi sanduku la fedha huwa na kufuli tatu, funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti, sanduku lenyewe hukaa kwa mwingine, na hufunguliwa mbele ya mkutano tu, ambapo fedha huhesabiwa kila mtu akiona. Wanachama wanaaminiana, ndiyo maana wamekusanyika. Hata hivyo wamekataa kuigeuza imani hiyo kuwa mzigo wa mtu mmoja. Kufuli hizo zinamlinda pia mtunza sanduku dhidi ya shutuma, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivyo vimetambuliwa nchini Tanzania kuwa daraja la nne la huduma hizo.

Fedha za simu zinaonyesha mseto huohuo kwa kiwango cha taifa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, wateja walikabidhi fedha zao kwa wakala wa mtaani wakapokea ujumbe mfupi tu. Nyuma ya ujumbe huo kuna akaunti za udhamini katika benki, ambamo fedha za wateja huwekwa mbali na mali ya kampuni ya simu ili wadai wa kampuni wasiziguse. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja wake nchini Tanzania faida iliyopatikana kutokana na akaunti hizo, na hatua hiyo ilifuata kanuni ya amana bila ya kulitaja jina lake: matunda ya mali iliyowekwa ni ya mwenye mali.

Nchi na ardhi kama amana

Maneno haya yanapoingia katika siasa, tofauti zake huwa na matokeo ya kihistoria. Baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa, na tarehe 13 Desemba 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kama ilivyokuwa Ruanda-Urundi iliyosimamiwa na Ubelgiji. Kisheria Uingereza haikuimiliki Tanganyika kama ilivyodai kuimiliki koloni la Kenya. Ilikuwa mdhamini aliyepaswa kupeleka taarifa, kupokea ujumbe wa ukaguzi kila baada ya miaka mitatu, na kuvumilia malalamiko ya wananchi kufika New York. Chama cha kupigania uhuru cha TANU, kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, kiliishika hoja hiyo kwa mikono miwili, na Machi 1955 kiongozi wake Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kueleza madai ya watu wake. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, ulikuwa pia ni amana kurudi kwa wenyewe.

Wazo hilo liliendelea katika sheria za ardhi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaeleza kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini anavyosimamia mali ya wanufaika, isigawe ardhi bila ya idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kenya ilipitia njia ngumu zaidi, kwa kuwa mabaraza ya kaunti yaliyokabidhiwa ardhi kwa niaba ya jamii mara nyingi yaliigawa kama yao, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilianika ugawaji haramu wa ardhi ya umma kwa mapana yake. Katiba ya mwaka 2010 ikaitambua ardhi hiyo kuwa ya jamii zenyewe. Katika nchi zote mbili kinachoamua ni kama wenye mali wanajua kwamba ni yao na wana mahali pa kuidai.

Katiba za nchi hizo zinatoa pia ushahidi wa mwisho kuhusu uhusiano wa maneno haya. Ibara ya 53A ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge uwezo wa kumpigia Waziri Mkuu kura ya kutokuwa na imani naye, na kwa hiyo inakiri kwamba imani inaweza kuondolewa na waliokuwa nayo. Ibara ya 73 ya Katiba ya Kenya inakwenda ndani zaidi: inasema kwamba mamlaka aliyopewa ofisa wa dola amekabidhiwa kwa niaba ya umma, na kwamba anapaswa kuyatumia kwa namna itakayokuza imani ya wananchi katika uadilifu wa ofisi yake. Mpangilio huo ni sahihi kabisa, kwa kuwa amana imetangulia na imani imefuata kama tunda lake.

Imani ni hali ya moyo. Haiamriwi, hainunuliwi wala haidaiwi, na anayewalaumu wananchi kwa kutokuwa nayo amewalaumu kwa jambo ambalo yeye ndiye aliyelisababisha. Amana, kwa upande wake, hudaiwa: ina mwenyewe, ina mshikaji, ina hesabu na ina siku ya kurudishwa. Dhamana ni msaidizi wa zote mbili, nzuri inapozuia hasara, mbaya inapofanywa sharti linalowafungia nje wasio na kitu. Walimu, waandishi wa habari, watafsiri wa sheria na viongozi wa dini wanaokitumia Kiswahili kila siku wana wajibu wa kuyatumia maneno haya kila moja mahali pake, ili mwananchi anapoombwa imani ajue kwamba ana haki ya kuomba kwanza hesabu ya amana yake.